Pont ya Toyota ndani ya Peugeot ya Papa

Butembo, siku ya soko

Yaya Keren,

Huku tuko wazima, hata maharagi imekomaa. Habari kubwa ni ile Peugeot ya zamani ya Papa. Amefunga ndani pont ya Toyota, kile chuma cha nyuma chenye kuzungusha pine: pine moja ya nyuma ikiteleza, ingine inavuta. Jana, kwenye matope ya mulima wa Musienene, tulishuka wote kusukuma, kama desturi, Papa peke akabaki kwa usukani. Gari ikapanda yenyewe, ikatuacha. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kule juu Papa akauliza polepole: "Keren alisema nini, siku tulikosana?"

Ulisema utarudi nyumbani siku Peugeot itapanda bila kusukumwa.

Donc umuangalie, ule amekuletea barua hii. Anajifanya anapima pine, mais anangojea jibu.

Mudogo wako,
Éliakim