Pasi za Baba Ivy Zinaenda kwa Nani

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Tumefungwa. Tatu kwa mbili, na tulikuwa tunaongoza mbili bila hadi mapumziko. Jeddah wamesafiri usiku kucha kwa basi, wameshuka wamevimba miguu, na bado wametufunga hapa hapa Riyadh.

Bao lao la tatu limetoka kwa mume wangu. Alikuwa na mpira katikati, hakuna aliyemsumbua. Akaupiga kushoto, mrefu, mzuri wa kutazama — mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mtu wa Jeddah akauokota kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba, akaenda nao hadi golini.

Sasa wote wako sebuleni kwangu. Ivy anakataa kulala. Nangoja wali ukauke.

Jumamosi, 8 Novemba

Jana niliacha katikati, wali ulishika chini.

Hii timu inaitwa Chuo kwa sababu walioianzisha walisoma ufundi pamoja kule Kisumu, wakaletwa huku na ajenti mmoja. Wengi wao wamesharudi nyumbani. Waliobaki wawili, mmoja ni Baba Ivy. Wengine ni walinzi na madereva waliojiunga tu, lakini jina limekaa, na mashabiki wanaongea kama wote walifanya mtihani pamoja. Na kwa kuwa ni sisi tu wenye nyumba ya familia, mechi ikiisha wanakuja kwetu. Kuku wao, moto wangu. Wakishinda wanakula haraka na kuondoka. Wakishindwa wanakaa.

Pius ndiye alianza. Ni dereva wa familia fulani, na kila kitu kwake ni barabara.

"Shemeji," akaniambia mimi, kana kwamba Baba Ivy hayupo pale na sahani yake, "ile pasi ya mwisho ilikuwa inaenda wapi? Maana hata mimi nikitumwa mahali sipajui, nauliza kwanza."

Asumpta, rafiki yangu anayefanya kazi kwenye metro, akadakia kutoka jikoni kwamba ilikuwa inaenda kuchukua exit, ile viza ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Wakacheka wote. Baba Ivy akaweka kijiko chini, akakichukua tena.

Abel, mlinzi wa jengo moja mtaa wa Olaya, akasema shida ni viatu. Soli zimekwisha. Pius akasema si viatu, ni ndoa. Kabla sijaja, eti, huyu mtu alikuwa anapiga mpira mita arobaini unashuka kwenye kifua cha mwenzake kama umepelekwa na posta. Siku hizi analala saa ngapi? Usiku kazi yake ni kubembeleza mtoto.

Nikamwambia anayebembeleza usiku ni mimi, na mimi sijapoteza pasi hata moja.

Hapo walicheka vizuri. Hata yeye alitabasamu kidogo. Lakini John hakucheka. John ndiye kapteni na kocha, ana miaka arobaini na kitu, msimamizi wa walinzi, akiongea hata Pius ananyamaza. Akasema marudiano ni tarehe ishirini na moja, Jeddah. Akamgeukia mume wangu. "Griffins, nakupa kipindi cha kwanza. Ukiendelea hivi, Eric anaingia mahali pako."

Baba Ivy akajibu bila kuinua kichwa: "Siku utakayonitoa, chukua na jezi."

Ivy peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele.

Najua ni mpira tu. Lakini namjua huyu mtu. Anatengeneza lifti kutoka asubuhi, anarudi nyumbani, anakula, anauliza mtoto amekunywa maziwa, analala. Ijumaa ndiyo siku anaongea. Akirudi kutoka kiwanjani anakuwa na maneno hadi Jumamosi mchana. Akiacha timu nitabaki na yule wa siku nyingine, na yule hasemi.

Jumatatu, 10 Novemba

Jino la nne la Ivy. Ananyonya kama anataka kunimaliza.

Abel, ambaye Ijumaa alikuwa benchi, aliweka video ya mechi kwenye grupu. Saa nzima na dakika ishirini, simu imeshikwa na mkono unaotetemeka, na sauti yake mwenyewe akilalamika. Nimeitazama yote leo nikimnyonyesha. Sijui mpira. Najua kuangalia mahali kitu kinaangukia, maana ndiyo kazi yangu tangu huyu mtoto aanze kushika vijiko.

Baba Ivy alipiga pasi nyingi nzuri. Za karibu zote zilifika. Zilizopotea ni tisa. Nimerudisha nyuma, nikaziangalia tena. Tisa zote zilikwenda mahali pamoja: kushoto, karibu na mstari, hatua kama thelathini kabla ya kona. Mtu anayepoteza mpira kwa viatu vibovu atapoteza huku na kule. Huyu anapoteza mahali pamoja, kwa uangalifu kabisa.

Nimekaa na hiyo hadi Ivy akalala mdomo wazi. Ndipo nikakumbuka nani alikuwa anacheza pale.

Gilbert. Ndiye aliyekuwa wa tatu wa Chuo. Walikaa chumba kimoja miaka sita kabla sijaja, kitanda cha juu na cha chini. Agosti kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, alifunga biashara na Gilbert akapewa exit, wiki mbili tu za kufunga mizigo. Baba Ivy alimpeleka airport, akarudi, akaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Nilishukuru vyombo. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeuliza. Nilimngoja amalize chai. Nikamwambia nimeona video, nimehesabu, na kwa hesabu yangu anampigia Gilbert.

Akasema hapana. Akasema upepo. Nikamwuliza upepo wa Riyadh unapuliza kushoto tu?

Akasogeza kikombe kando. Kisha akasema: "Mimi sikuwa namwangalia, unajua. Miaka yote ile. Nikipata mpira sikuwa nainua kichwa. Nilijua tu yupo."

"Na sasa?"

"Sasa mguu bado unajua."

Nilitaka kumshika mkono, lakini Ivy alikuwa ameingiza kidole kwenye soketi ya chaja. Mambo ya maana katika nyumba hii huwa yanakatizwa hivyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mazoezi leo. Wamekuja kula wachache. Nilimwambia Baba Ivy amlete kijana anayecheza kushoto siku hizi. Victor. Ana miezi mitatu tu huku, anaendesha gari la kusambaza maji. Mrefu, mpole, anakaa pembeni ya kiti kama ameazimwa.

Anamwita mume wangu Fundi. Fundi hivi, Fundi vile, na hamwangalii usoni.

Pius hakukosa la kusema. Alimwambia Victor awe anabeba kiti, kwa sababu pale kushoto anangoja sana. Victor akacheka na sakafu.

Nikamwita jikoni anisaidie kufungua chupa ya mafuta iliyokataa. Nikamwuliza taratibu, shida ni nini kati yenu? Akasema hakuna shida, Mama Ivy. Nikamngoja. Sisi tulio na watoto wadogo tunajua kungoja. Akasema: "Naona tu hanitaki. Mimi nasimama, namwonyesha mguu, nataka mpira hapa. Yeye anaupiga mbele kabisa. Kama ananifukuza. Kama anaonyesha watu kwamba mimi ni mzito."

Masikini. Miezi mitatu anabeba hilo. Na mume wangu upande wa pili anadhani kijana ni mvivu, kwa maana wenzake wote wanakimbia. Wanaume wawili, kiwanja kimoja, na hakuna aliyefungua mdomo.

Sikumwambia habari za Gilbert. Hiyo si yangu kusema. Nilitoka nikawapa wote wawili mfuko mtupu, nikawaambia unga wa ugali umeisha, waende mtaa wa Dirah kwa yule Mhindi anayeuza unga mweupe. Baba Ivy akasema bakala, lile duka la chini, ipo. Nikasema ya chini ni mafi, hamna. Akasema aende peke yake. Nikasema mfuko ni mzito. Akaniangalia. Ananijua.

Walikaa saa mbili na nusu. Walirudi wanabishana kwa sauti mlangoni. Victor anasema mpira ni wa miguuni, Baba Ivy anasema mpira ni wa mbele, mwenye miguu atakwenda kuutafuta. Mfuko mtupu. Unga walisahau.

Tulikula wali tena.

Jumapili, 16 Novemba

Asumpta amepita baada ya zamu, amebeba diapers. Anasema kwenye grupu wamepiga kura. Kumi na mmoja wanataka Eric aanze Jeddah, saba wanataka Baba Ivy. Nikamwuliza yeye alipiga wapi. Akasema alikuwa na abiria wengi kwenye metro, hakuona vizuri.

Muongo. Lakini diapers nimezikubali.

Jumatano, 19 Novemba

Jana na leo wamefanya mazoezi kwenye parking ya chini, Baba Ivy na Victor, wao wawili, baada ya kazi. Mlinzi Mmisri amewafukuza leo, mpira ulipiga gari jeupe la watu wa ghorofa ya tatu. Gari halikuumia. Mume wangu amepanda juu anatokwa jasho na amefurahi kama aliyeiba.

Nikauliza, inafika sasa?

"Wakati mwingine."

Nikamwambia wakati mwingine haitamtosha John. Akasema anajua. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba jioni yote nikikunja nguo. Kwamba kuinua kichwa si vigumu. Ni kwamba kila akiinua anaona si yeye.

Nilimwambia tu kwamba Victor naye kila akiinua kichwa anaona mtu anayetafuta mwingine. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Akaenda kuoga.

Alhamisi, 20 Novemba

Ninakwenda Jeddah. Alisema safari ni ndefu kwa mtoto. Nikamwambia mtoto huyu anakesha nyumbani bure, afadhali akeshe akielekea mahali.

Basi limejaa. Pius ameshaanza kumfundisha Ivy kusema offside.

Ijumaa, 21 Novemba, Jeddah

Mapumziko. Naandika kando ya kiwanja, Ivy amelala kwenye mapaja. Hewa ya huku ni nzito, inashika mwilini kama kitambaa kibichi. Matokeo ni moja moja. Bao letu la kona, kichwa cha Abel, ambaye sasa hataongea kitu kingine mwaka mzima.

Baba Ivy — nzuri za karibu. Za kushoto tatu, zote zimepotea. Moja ilifika kwa mtu aliyekuwa anauza juisi. Pius amemshukuru kwa niaba ya muuzaji.

John hakumtoa. Alisema anampa kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza kimekwisha. Lakini amewarudisha walewale. Nimemwona Baba Ivy ameinama anafunga kamba za kiatu kilichokuwa kimeshafungwa.

Baadaye kidogo. Bado tunacheza, zimebaki kama dakika kumi na mbili. Bado moja moja. Naandika haraka.

John amesimama. Amemwambia Eric avue trakisuti. Eric ameivua, anarukaruka pale mstarini, anangoja mpira utoke. Asumpta ameshika goti langu. Baba Ivy amemwona Eric. Hawezi kukosa kumwona, Eric ana jezi ya njano.

Halafu akapata mpira. Palepale katikati. Akaukanyaga, akasimama nao. Watu wa Jeddah wawili wakaanza kumjia na yeye amesimama tu, kichwa juu, anatazama kushoto. Nimeishi na huyu mtu na sijawahi kumwona akitazama kitu kwa muda mrefu hivyo. Pius anapiga kelele piga, piga, wewe piga. Yeye akaita kwanza. Kwa sauti ambayo hata sisi tulisikia.

Aliita, "Gilbert!"

Kuna watu walicheka. Mmoja nyuma yangu akasema Gilbert yuko nyumbani Ahero anapanda mpunga. Nilitaka ardhi inifungukie mimi na mtoto.

Lakini Victor alikuwa anamtazama. Alikuwa amesimama na mguu wake mbele, vile anavyopenda. Hakuuliza. Hakugeuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Aliondoka pale kama aliyeitwa jina lake, mbio, kando ya mstari, na mpira ukampita juu ya bega, na akaukimbilia kwa ule mwili wake wote mrefu.

Hakuufikia. Ulitoka nje, hatua moja tu mbele yake. Moja.

Abel, kule kwenye ulinzi wetu, ameinua mkono kuwapongeza. Victor amegeuka na amemwonyesha Baba Ivy kiganja, kidogo, hivi, kama mtu anayesema punguza chumvi. Na Baba Ivy ameitikia kwa kichwa.

Mpira uko nje. Eric ameshaweka mguu mmoja juu ya mstari. Refa anamtazama John, anauliza kwa mikono, unabadilisha au hubadilishi. John amemshika Eric bega. Hajamsukuma aingie. Hajamrudisha. Amemshika tu, macho yake yako kushoto, kwa Victor.