Usije Kumshukuru Jenerali

Dada yangu Lavinia,

Mimi mzima, ila meno. Yamebaki mawili, nayo hayaelewani. Bado nachochea majiko ya chuo hapa Texas, na mkuu wa chuo ni Jenerali Burdett yule yule, kapteni wetu mimi na Asa kule mpakani kabla hajawa gavana. Kanenepa mpaka farasi wake anaguna.

Umeandika utakuja Mei wakifungua bweni lenye jina la mwanao Asa, umshike Jenerali mkono. Usije.

Jana aliniita mbele ya wanafunzi, kama kila mwaka.

"Haya, mzee Rufus, waambie Wahindi wa Kikomanchi walikuwa wangapi siku ile mtoni walipomuua Asa!"

"Mia mbili, Jenerali, na rangi za vita mpaka masikioni!"

Vijana wakashangilia. Nikapewa tumbaku.

Dada, walikuwa wanawake wanaanika nyama ya nyati. Asa alishusha bunduki, akasema, "Kapteni, hawa ni akina mama." Burdett akampiga risasi ya mgongo, kisha akatugeukia: "Nani kamuua?" Tukasema Wakomanchi. Mimi ndiye niliyetangulia kusema, tena kwa sauti.

Uongo nauweza mbele ya vijana mia tatu. Mbele ya macho yako sitauweza, na nikifukuzwa hapa sina pa kulala.

Basi mwandikie tu Jenerali barua ya shukrani, ndefu, yenye machozi. Ameshaniahidi kwamba ikifika, nitaisoma mimi jukwaani.

Kaka yako akupendaye,
Rufus