Mchanga Niliouita Mtupu

Bibi yangu mpenzi,

Allah akurehemu. Ningekuwa na wa kumwambia haya hapa mjini Ibra, nisingekusumbua ulipolala.

Unakumbuka nilipokueleza kazi yangu, ukacheka? "Yaani mmesoma mpaka mmechoka, sasa mnangoja vitu vidondoke mbinguni!" Ndiyo hiyo hiyo, Bibi. Kuna chombo kinachopeleka mizigo anga za juu, kinarudi kwa miavuli, kisha kinarushwa tena. Tuliulizwa kishukie wapi: baharini, mbele ya Ras al Hadd, au mchangani, kwenye jangwa la kwetu Sharqiyah.

Maji hupokea kwa upole, lakini chumvi huingia kila tundu, na chombo kilichokwisha kuoga bahari ni kazi kukirusha tena. Mchanga hugonga, lazima kifungwe mifuko ya hewa chini, ila kinabaki kikavu. Tena kule pwani kuna kasa wanaopanda kutaga. Nikasema mchangani. Mkuu wetu akauliza, "Pale pana watu?"

"Patupu, ustadh."

Patupu! Nawe kila msimu wa baridi ulinipeleka pale pale, tukapiga hema ubavuni mwa Bi Moza, rafiki yako Mbedui wa soko la wanawake. Yeye akikuletea samli, wewe ukimpelekea dawa ya macho. Ulimfundisha "shikamoo", akawa anawaamkia mbuzi wake kila asubuhi, ukacheka mpaka ushungi ukaanguka. Nililala baina yenu. Nilijua kwamba msimu wa tende Bi Moza hushuka na mbuzi wake kwenye mitende, na picha za setilaiti tulizotazama zilipigwa msimu huo, hema lake halipo. Nikanyamaza, wakapachagua. Kasa wana watu wa kupiga kelele kwa ajili yao. Bi Moza alikuwa na wewe, na mimi.

Juzi nilikwenda kwake kumweleza. Alinimiminia kahawa kabla sijakaa sawasawa.

"Hicho kinachoshuka, ndani mna mtu?"

"Hamna, khala. Mizigo tu."

"Na sisi tuondoke?"

"Siku za kushuka tu."

"Nani atazichagua siku hizo?"

Nikanywa kahawa. Akasema taratibu, "Bibi yako angekuja kuniuliza kwanza." Akaendelea kunijazia kahawa, maana nilisahau kutikisa kikombe kuonyesha nimetosheka.

Jumapili tuna mkutano. Nitasema pana watu. Wataniuliza kwa nini sikusema mwanzo, na jibu langu si la kitaalamu: niliogopa kuonekana natetea kwetu. Huenda wakakipeleka baharini, na hapo pia, kwa ajili ya kasa, nitakuwa na la kujibu mbele ya Mungu. Wakibaki na mchanga, nitaomba Bi Moza aulizwe siku zipi, na aulizwe kabla ya mtu yeyote kutia saini. Wakikataa, jina langu litoke kwenye kazi hiyo.

Nisamehe, Bibi. Si wewe niliyekukosea, lakini wewe ndiye ninayeweza kuanza naye.

Mjukuu wako uliyemlea