Mawe Matatu

Mjini Ibra, Ijumaa

...na jina la yule mwanamke wa Kigiriki halinitoki kichwani. Tulikwenda Athens kukimbia joto la huku, na simu ya msiba ikanikuta makumbushoni, mbele ya jiwe la kaburi la kale. Mwanamke kachongwa amekaa kitini, anampa mkono mumewe, wanaagana. Mtembeza wageni alikuwa anatusomea jina la huyo mwanamke.

Mama alizikwa jioni ile ile. Sikuwahi.

Leo Kaka kanipeleka makaburini. Huku kwetu kaburi la mwanamke ni mawe matatu tu, bila ya jina.

"Ni hili," akasema. Kisha akageuka. "Au lile pale. Wallahi, mdogo wangu, limenipotea."

Nimesimama katikati, nikamuombea dua. Mpaka sasa sijui kama Mama nimempa uso au mgongo.