Binti Mwenye Pingu

Woolwich, London
3 Machi 2024

Mdogo wangu Lusajo,

Niwie radhi kwa ukimya wa miaka miwili. Sina udhuru, kila nilipoanza kuandika, niliichana karatasi. Natumaini kidonda cha mguu wako kimepona na kwamba mvua za Tukuyu hazijaiangusha migomba. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Kazi yangu ni ile ile, kulinda ukumbi katika makumbusho madogo. Mwezi uliopita waliweka mifupa ya binti aliyefukuliwa humu mjini, wa enzi za utawala wa Warumi. Kifundo chake cha mguu kina pingu ya chuma. Wanafunzi walipokuja, mmoja aliniuliza, "Bwana, huyu alifanya kosa gani?"

Karatasi ya maelezo iliyobandikwa ukutani inatutaka tuseme kwamba Warumi waliiletea nchi hii barabara, bafu na amani. Nikamjibu, "Hakufanya kosa. Warumi waliwatoza watu kodi wasiyoiweza, wakatwaa mashamba yao. Waliokataa waliuawa au waliuzwa. Na walipoondoka, haukupita muda watu wakasahau hata kufinyanga vyungu kwa gurudumu."

Mwalimu wao alilalamika. Mkuu wangu, Bi. Alka, ananitaka nitie saini kwamba sitasema neno nje ya karatasi. La sivyo, niondoke. "Mzee Philemon," alisema, "watoto huja hapa kufurahi." Amenipa muda hadi mwisho wa Mei. Nikiondoka, sina mshahara wa kulipia chumba, na sina pengine pa kulala.

Nakuuliza wewe, kwa sababu uliwahi kusimama hapa niliposimama. Nifanyeje?

Kaka yako,
Philemon


Tukuyu
6 Mei 2024

Kaka, shikamoo.

Barua yako imenikuta hai. Mguu unaouulizia ulikatwa mwaka jana, juu ya goti. Migomba haijambo.

Nimecheka hadi wajukuu wakadhani nalia. Kaka, wewe! Mwaka 1979, ukiwa mwalimu wangu wa historia pale misheni, ulituuliza faida nne za utawala wa Warumi. Nikaandika kwamba watu walinyang'anywa mashamba na kufanywa watumwa. Ukanipa sifuri, ukanichapa mbele ya darasa, ukasema, "Mwongozo wa usahihishaji hauna nafasi ya huruma zako." Uliniamuru niandike upya. Nikakataa, nikafukuzwa. Tangu hapo nimechuma chai ya watu hadi mguu uliponishinda. Leo umekuwa mtetezi wa binti aliyetiwa pingu na Warumi! Hongera, Mwalimu.

Unauliza ufanyeje. Tia saini. Sikukebehi. Mimi nilikataa, na hakuna aliyekuja kunipa mkono. Huenda binti huyo naye alikataa, tazama alipo. Tia saini, kaka, upate pa kulala.

Mdogo wako,
Lusajo


Woolwich, London
30 Mei 2024

Mdogo wangu Lusajo,

Sikujua habari ya mguu, na nisingeijua, maana kwa miaka miwili sikuuliza. Najua pole hii imechelewa. Hata hivyo, ipokee.

Kuna jambo ambalo sikukuandikia kwa miaka arobaini na mitano. Siku ile niliposahihisha karatasi yako, nilijua kwamba umesema kweli. Nilikuwa nimeajiriwa mwaka huo huo, na mkaguzi alikuwa njiani. Hakuna aliyeniamuru nikupe sifuri. Mkono ulikuwa wangu.

Leo wamekuja wanafunzi wengine. Msichana mmoja alimwuliza mwenzake, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Mtumwa ana jina?" akajibu mwenzake. "Muulize yule mzee."

Wakanigeukia wote wawili, wakingoja. Nikawaonyesha karatasi ukutani. Waliisoma, wakaenda kutazama mfano wa bafu la Warumi.

Lusajo, nilifanya hivyo hata saini sijatia. Hakuna aliyekuwa ananitazama, Bi. Alka hakuwapo hata jengoni.

Kesho saa tatu asubuhi ananingoja ofisini. Kalamu sijaishika bado. Nikishaamua, nitakuandikia.

Kaka yako,
Philemon