Masweta ya Baba Ukutani

Edmonton, 3 Novemba 2024

Mwanangu Nickson,

Hujambo? Huko Hayes, upande wa pili wa jiji, kwema? Mimi nipo, magoti tu yananikumbusha kuwa baridi imeingia.

Kile chumba cha nyuma alichojenga marehemu baba yako kwa mbao, ulichobandua ukuta wake, bado kiko wazi. Pembeni ya dirisha umeacha nafasi tupu, eti pamba ya kuzuia baridi imeisha. Baba yako alikuwa hamalizi chai kabla hajamaliza msumari. Unarudi lini? Nataka kulala humo, alipokuwa akikaa na redio yake.

Mama yako

Hayes, 7 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi mzima, ila zamu za ghala zimenibana.

Nakuomba usiguse kitu. Ile nailoni niliyotandaza ukutani si pambo. Mvuke wa maharage yako na nguo unazoanika ndani hupenya ukutani, ukikuta ubaridi unageuka maji, mbao zinaoza. Hata nguzo zenyewe hupitisha baridi, kama mpini wa kijiko unavyokuunguza kikiwa chunguni. Ndiyo maana nimezifunika kwa bodi za povu. Imebaki nafasi ile moja tu. Vumilia.

Mwanao

Edmonton, 12 Novemba 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, na nimekumalizia kazi.

Ile nafasi nimeijaza masweta ya baba yako. Ni sufu ya kondoo, siyo hiyo pamba yako inayowasha. Nailoni ilinizuia, nikaikata. Jirani Kailash kanipigilia bodi ya jipsamu juu yake. Na usinifokee. Kondoo hukaa kwenye mvua na haozi.

Mama yako

Hayes, 15 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa mzima mpaka nilipofungua barua yako.

Kondoo yuko hai, Mama! Umeufungulia mvuke mlango! Na siku ya kuanua tanga ndugu wote walisubiri ugawe nguo za marehemu kama desturi. Ukasema ufunguo wa kabati umepotea. Baba mdogo Noel alirudi mikono mitupu. Kumbe masweta yalikuwa yakingoja ukuta! Jumapili nakuja na nyundo.

Mwanao

Edmonton, 9 Februari 2025

Mwanangu Nickson,

Hujambo? Umenyamaza tangu Jumapili ile uliposimama mlangoni na nyundo nisikufungulie. Una haki.

Mimi nalala sebuleni, nakohoa kidogo. Pembeni ya dirisha pameota kuvu jeusi. Jipsamu imelainika kama mkate uliochovywa chai. Jana niliibonyeza, kidole kikazama. Nikavuta mkono wa lile sweta la kijani alilokuwa akivaa kwenda misa. Limelowa, baridi kama samaki. Nikalinusa. Mwanangu, linanuka kisima. Yeye hayumo tena.

Nilidhani nikimfungia humo atabaki.

Basi njoo na nyundo, pamba yako na nailoni yako, na safari hii hakikisha pamba inatosha. Mwambie na baba yako mdogo Noel aje na begi. Yaliyobaki kabatini ni makavu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu siku zote, na wewe ulikuwa unauona, ukanyamaza.

Sweta la bluu usimwachie mtu. Ulivae wewe ukianza kazi, maana ukiubandua ule ukuta, humo ndani patakuwa na baridi.

Mama yako