Miche Iliyokauka mu Mifuko ya Mawe

Likasi, tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Blandine,

Usinikasirikie. Barua yako ilifika mbele ya Pasaka, na leo ni Septemba. Kila juma nilisema nitajibu, lakini nikiisha kulalisha batoto mukono unakataa kalamu. Kweli yenyewe ni kuona haya, yaya. Utaona mbele.

Habari ya kule Mpika, upande wa Zambia? Mugongo wa shemeji Adolphe umepona? Na kifua cha Jessy? Baridi ya huko najua haichezi. Shiye huku tunapumua. Bwana yangu Dodo anakohoa, lakini anasimama. Rolly ameota meno mawili na ananiuma akinyonya, kisha ananiangalia na kucheka, bila haya hata kidogo. Minye nachoka tu. Si ugonjwa.

Nataka kukuambia habari ya binti yetu Hadassa. Sasa iko mwaka wa tano wa masomo. Mwalimu wake, Zéphirin, kijana aliyesomea Mulungwishi, alianzisha club ya batoto ya kulinda pori. Kila Jumamosi anabapeleka nyuma ya majengo ya masomo na kubafundisha majina ya miti: muputu, mutondo, musamba. Ndiyo, ile miti ya finkubala, ile midudu ya kula inayotambaa ku majani, tuliyokuwa tunaokota na mama njia ya Kapolowe, mpaka vidole vinakuwa kijani. Yaya, ukipita njia ile leo utalia. Ni bisiki, na kinga, baiskeli za makala, zinapita, magunia matatu matatu, mwenye kinga akisukuma huku jasho linamutoka. Na minye napika na makala hayo hayo, siwezi kukudanganya.

Hadassa hajaona finkubala hata moja. Mwalimu aliposema bachore, yeye alichora mududu mwenye mabawa ya bluu. Dodo akacheka sana: "Hii ni avion inayoruka kwenda Lubumbashi!" Mutoto akamujibu: "Papa, za kweli si weye njo ulizimaliza?" Dodo akamurudishia karatasi. Unajua alichoma makala miaka miwili mbele ya kuingia ku kazi ya mawe ya shaba.

Basi, directeur, mukubwa wa masomo, aliwapa sehemu ya lupango, uwanja wao, nyuma ya choo, bapande miche. Mwalimu akaita bazazi: nani iko na mifuko ya kuotesha mbegu? Minye njo niliinua mukono. Unajua kazi yangu, naosha mawe ya shaba ku mutoni na bamama bengine, na mifuko mitupu haikosekani pale. Nikaleta makumi sita. Na sababu nilitaka kufanya mema kabisa, nikaijaza na udongo wa pale pale tunapooshea, laini, hauna hata jiwe. Mama Carmel, tunayefanya naye kazi, akanitania: "Mama Hadassa, utavuna miti ya shaba!" Tukacheka.

Miaka mitatu naingia mu ule mutoni, yaya. Sikujiuliza hata siku moja yulu ya nini majani hayaoti pale.

Mbegu ziliota. Kila mutoto aliupa muche wake jina. Wa Hadassa uliitwa Koko, njo vile bajukuu banamuita mama yetu. Kisha majani yakawa manjano, yakajikunja. Batoto bakaongeza maji, bakaimba, bakaongeza tena. Mwezi wa tano hapakubaki hata mmoja. Mwalimu alichukua udongo mu kiganja, akaunusa, akaniangalia. "Mama, umetoka wapi huu?" Hakunitukana. Angenitukana, usiku ningelala.

Njo ile haya niliyokuambia.

Club ilikuwa ya batoto salasini na mbili. Leo ni sita, na mwalimu mwenyewe, banasema, anatafuta kazi ya mugodi kule Kakanda. Directeur amesema mvua ikianza bila muche kusimama, lupango utajengwa vibanda vya mikate.

Hadassa hakulia. Alivua tu viatu na kuniambia: "Mama, nikimaliza masomo nitakuja kuosha mawe na weye. Kule hakuna kitu kitakachotufia." Nilimukatalia palepale. Nilimwambia miguu yake haitaingia mu yale maji nikiwa muzima. Akasema "Sawa, mama," lakini hakuniangalia. Tangu siku ile, Jumamosi anabaki nyumbani na kubeba Rolly.

Sitakuficha. Minye siamini tena pori litarudi. Hata miti makumi sita ikiota, kinga za siku moja zinabeba miti ya kuishinda. Lakini mutoto wangu sitamupa ule mutoni. Hiyo tu njo ninayoshika.

Nisalimie shemeji na Jessy. Mama yetu Julie anakusalimu. Haombi kitu, anauliza tu utakuja lini. Dodo naye pia, na Rolly na meno yake. Mungu abape mvua kwa wakati wake, na usingizi usio na kikohozi.

Mudogo wako anayekupenda bila kuandika,
Laure

Yaya, bitu ninabyongoja ni hivi. Umupe Arsène, yule wa lori, akivuka mupaka wa Kasumbalesa. Maganda ya muputu yenye mbegu, kikapu kimoja, uyachume mbele hayajapasuka. Ya mutondo, nusu kikapu. Sashe nyeusi, mifuko ya plastiki ya miche, makumi sita, mpya, zisizobeba kitu kingine mbele. Udongo wa chini ya muti wenyewe, ndoo moja. Mwalimu anasema muche unapenda udongo wa mama yake. Byote bifike mbele ya mwezi wa kumi na moja.

Na finkubala kavu, moja, nzima, kichwa na miguu. Si ya kula. Hadassa aone kwamba haina mabawa, lakini iko kweli.